Fromaji ya Mafundo Mawili

Yule yaya, yaani dada mkubwa kwa heshima, aliyetaka mji wetu wa Bunia ufunge chakula chake kwa majani amefariki, na Jumamosi tumemzika. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaiangalia, nikangoja inifanye kitu. Haikunifanya kitu. Habari ilinikuta asubuhi nikila muhogo wa kuchoma na karanga. Dada yangu alisimama mlangoni akasema, "Yaya wa majani hayuko tena. Ni tension." Damu kupanda, ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, na vidonge vyake alikuwa akivisahau kwa sababu ya kazi. Nikasema, "Ah, bon." Nikamaliza muhogo. Nikaosha sahani, nikaipangusa, nikairudisha mahali pake, nikavaa viatu. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa kuchekacheka na kwa kuota ndoto mchana kweupe. Juzi juzi tu nilikuwa nawaahidi barabara laini kutoka hapa mpaka Mahagi, yenye taa na mikahawa pembeni. Leo mtanivumilia. Naandika kama mtu anayetembea na mguu uliokufa ganzi: najua nakanyaga, ila ardhi siisikii.

Jina lake sitaliandika. Tena kuna swali jingine najua mtaniuliza, maana hata matangani niliulizwa, kwa sauti ya chini, na watu ambao sahani ya wali ilikuwa bado mkononi mwao: alikuwa wa upande gani? Hilo nalo sitaliandika. Yeye mwenyewe alipoulizwa alikuwa akijibu, "Mimi niko wa upande wa soko," halafu anakuuliza kama unanunua au hununui.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa sauti kubwa, mwenye haraka ya kukasirika na haraka zaidi ya kusahau. Alisomea mambo ya kuhifadhi chakula, akarudi nyumbani na wazo moja kichwani ambalo halikumpa usingizi: kwamba chakula chetu kinatoka shambani kikiwa kisafi, halafu siye tunakivisha plastiki na kuitupa plastiki hiyo kwenye mfereji unaopita mlangoni kwetu. Mvua ikinyesha, mfereji unaturudishia. "Sheria ya kukataza sashe iko," alisema, akimaanisha ile mifuko myepesi tunayopewa sokoni kwa kila kitu, "na sashe nazo ziko." Kilichomuuma zaidi ni fromaji, jibini yetu nyeupe ya mviringo. Ndani ya plastiki inatoka jasho. Siku ya pili inaogelea katika maji yake na kunuka kama kiatu cha mchezaji. "Fromaji ni kama muntu," alikuwa akituambia. "Ukiivalisha koti ya mvua ndani ya nyumba, unataka ifanye nini?"

Alijaribu karatasi ngumu iliyotoka Uganda. Ikalowa na kujikunja kama sikio la mbuzi. Alijaribu maganda makavu ya mgomba, mazuri sana machoni, lakini yaliacha vumbi juu ya chakula na watu wakatema. Mwisho akarudi kwenye jani bichi la mgomba, lile ambalo bibi zetu walilijua. Unalipitisha juu ya makaa mpaka linang'aa na kulegea. Unakata uti wake. Unalaza jani moja juu ya jingine kama msalaba, unaweka fromaji katikati, unakunja pembe likiwa bado na moto, halafu unafunga kwa uzi wa mgomba uliolowekwa majini. Jani likipoa kabla ya kufungwa linapasuka, kazi yote imeharibika. Likifungwa vizuri, fromaji inapumua, inakauka polepole, inachukua harufu ya moshi kidogo tu, na ukimaliza kula unalitupa jani shambani au unampa mbuzi. Siku aliyonionjesha ya kwanza nilimwambia, "Yaya, hii itafika mpaka Kinshasa kwa ndege." Akanijibu, akiniita mdogo wake kwa Kifaransa kama kawaida, "Petit, kwanza ifike soko kuu kwa miguu."

Kazi hiyo ilihitaji maziwa na ilihitaji majani, na hapa kwetu kila msomaji anajua maana yake. Maziwa yanatoka kwa familia zenye ng'ombe. Majani yanatoka kwa familia za mashamba, ambazo nyingi zimefukuzwa na vita huko Djugu na sasa zinaishi kambini pembeni mwa mji, na ndugu zao waliobaki upande wa Iga Barrière ndio wanaowatumia majani kwa pikipiki. Pande hizi mbili zimelia sana, na kila moja inajua ni nani aliyeiliza. Yaya akachukua wanawake wa huku na wanawake wa kule akawaweka katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, tulichokiita depo. Mimi nilikuwa napita pale, mwanzoni kwa ajili ya fromaji, baadaye kwa ajili ya maneno yao. Niruhusuni niseme upande wa maziwa na upande wa majani. Mtanielewa.

Siku za mwanzo alifanya kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mgeni angekuja na fundo lake kutoka kitabuni na kuwafundisha wote. Yaya, kwa kuheshimu mikono ya mama zetu, aliwaambia, "Kila muntu afunge vile mama yake alimufundisha." Wakafunga, na vifurushi vikatoka vizuri mpaka nikapiga makofi. Wa upande wa majani walizungusha uzi mara mbili, wakausokota, wakachomeka ncha ndani, kama wanavyofunga mafungu ya sombe, majani ya muhogo. Wa upande wa maziwa walifunga kitanzi cha kuvuta, kile cha kamba ya ndama; ukivuta ncha moja kinafunguka chote. Vyote akavipanga kwenye kapu moja, tukaenda soko kuu.

Mama wa kwanza alikuja, akainua kifurushi, akakigeuza, akaangalia fundo, akakirudisha. Akainua kingine, akaangalia fundo, akalipa. Wa pili alifanya vilevile, ila alichukua aina ile aliyoiacha mwenzake. Wa tatu hakuinua kitu. Alisogeza vifurushi kwa kidole, hivi huku, hivi kule, kama mtu anayechambua maharagwe. Kufika saa sita hatukuwa tena na kapu moja, tulikuwa na marundo mawili. Yaya akayahesabu marundo yote mawili. Halafu akamshika mkono mteja mmoja aliyekuwa akiondoka.

"Mama, ile unaacha iko na nini?"

"Haiko na kitu."

"Sasa mbona unaiacha?"

"Weye unajua, mama. Ile mukono mi siijui."

"Mukono iko safi. Mi mwenyewe nilimuona akinawa."

"Sikusema iko chafu," yule mama alisema, na wala hakusema kwa ubaya. "Nasema siijui."

Mnajua jinsi mji huu unavyoogopa chakula cha mkono usiojulikana. Maneno ya sumu yanapita hapa haraka kuliko pikipiki. Katika sashe hakuna aliyewahi kuuliza nani kafunga, kwa sababu sashe haionyeshi mkono. Lakini fundo la jani, kwa mtu aliyekulia hapa, ni kama mwendo wa mtu unayemtambua kutoka mbali kabla hujaona uso. Tulirudi na kapu nusu. Njiani aliniambia, "Unaona, petit? Plastiki haina kabila." Kisha akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Mimi nilimpa ushauri wangu wa haraka: awafundishe wote fundo moja jipya lisilo la mtu. Akakataa. Alisema watu watajua fundo jipya ni la depo, halafu watauliza ndani ya depo kuna nani, na tutakuwa tumerudi palepale. Kesho yake nilimkuta amepanga viti viwili viwili, vikitazamana, goti kwa goti. Kila jozi, mmoja wa maziwa na mmoja wa majani. Kila kifurushi kitakuwa na mafundo mawili juu yake, yamekaa bega kwa bega: la kusokota na la kitanzi. Mmoja akifunga lake, mwenzake anashikilia pembe za jani zisifunguke, kisha wanabadilishana. Haiwezekani mtu kufanya hivyo peke yake. Mikono haitoshi, na jani linapoa.

Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa maziwa, mnene, mwenye mwanya, ambaye vita ilimchukulia kaka. Akasimama. "Mi nishike jani, na yeye afunge?"

"Ndiyo," Yaya alisema.

"Na muntu akiumwa tumbo, watasema ni nani?"

"Watasema ni nyinyi wawili. Ndiyo maana hataumwa."

Aliyekaa mbele yake alikuwa mama mwembamba wa kambini, mtulivu, ambaye yeye naye vita ilimchukulia zaidi ya ndugu. Hakusimama. Alilipitisha jani juu ya makaa, akalikunja, akalinyoosha mbele kwa mikono miwili bila kumwangalia mwenzake. Likakaa pale hewani. Yule mwenye mwanya alitazama jani, akatazama mlango, na sote tuliona jani linaanza kupoteza mng'ao wake. Akakaa kitako kwa hasira, akashika uzi.

"Mukono yako iko baridi sana," alisema. "Jani itakufa."

"Na yako iko na moto," mwembamba akajibu, "ya kupika maneno."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na yule mwenye mwanya akatukana, tusi ambalo mhariri wangu hatalipitisha, lakini alilitukana akiwa anafunga. Tangu siku hiyo hao wawili hawakuachana. Walitukanana kutoka asubuhi mpaka saa ya kwenda nyumbani: juu ya makaa, juu ya chumvi, juu ya vitenge vyao, juu ya nani kati yao anaimba vibaya zaidi kanisani.

Msidhani biashara ililipuka. Wateja waliinua kifurushi, wakaona mafundo mawili, wakachanganyikiwa. "Sasa hii ni ya nani?" "Ni ya kula," Yaya alijibu. Wengine waliacha, wakaenda. Wengine walinunua kwa sababu iliwachekesha. Polepole wakawepo walioitafuta, si wengi, wa kutosha kuwasha makaa wiki inayofuata. Ndipo aliponiomba mimi, kwa kuwa naandika, nimtungie maneno ya kubandika juu ya kifurushi. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Nilimletea karatasi yenye herufi kubwa: FROMAJI YA AMANI. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Petit, amani iko na ladha gani?"

"Yaya, ni kwa maana kwamba..."

"Nimeelewa maana. Muntu iko na njaa, anatafuta fromaji ya kula na mukate. Ukimuandikia amani atafikiri tunagawa bure." Halafu akanionea huruma, maana nadhani sura yangu ilianguka. "Andika fromaji. Chini yake andika: jani tupa shamba. Basi."

Niliandika hivyo, na hivyo ndivyo ilivyobaki. Nimefikiria sana juu ya jibu lake siku hizi ambazo siwezi kufikiria kitu kingine. Neno amani limezungushwa hapa kwetu kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye kofia na kwenye semina zenye soda, mpaka limekuwa kama noti iliyopita mikono mingi: bado ni noti, ila unaishika kwa ncha za vidole. Yeye hakulitumia hata mara moja. Alizungumza juu ya moto wa makaa, juu ya unene wa uzi, juu ya jani la bondeni kuwa bora kuliko la mlimani kwa sababu upepo haujalichana. Ilinichukua muda kuona kwamba alikuwa akizungumza juu ya jambo lilelile, kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi kabla ya chakula cha mchana.

Nimefikiria pia juu ya plastiki. Tunaambiwa inauzwa rahisi, na ni kweli. Lakini urahisi wake mkubwa si wa bei. Haikuombi kitu. Huhitaji kujua jani linatoka bonde gani, wala nani yuko huko bondeni, wala kama mtoto wake amepona. Unaifunga peke yako, umenuna, mgongo wako ukiwa umemgeukia mtu yeyote unayetaka kumgeuzia mgongo. Mji ulioumizana kama wetu unaipenda plastiki kwa sababu hiyo, nadhani, hata kama hatusemi. Kisha inabaki mferejini miaka na miaka, haiozi, kama mambo mengine tuliyokataa kuyazungumza.

Basi matangani. Watu wa maziwa walikaa huku, watu wa majani walikaa kule, wapishi katikati. Alikuja mfanyabiashara mmoja, ndiye mnunuzi mkubwa wa fromaji ya depo, anayeipeleka mpaka Nizi kwa wachimba dhahabu. Si mtu mbaya. Mchele tuliokula alileta yeye. Baada ya maombi aliwaita wale wanawake pembeni, nami nilikuwa karibu nikipanga viti.

"Bamama, pole sana. Maji imemwagika, haizoleki. Majani ilikuwa wazo ya kichwa ya ule mama, na kichwa imeenda. Mi niko na katoni nzima ya sashe kwa gari. Nitawapatia bure. Kila muntu afunge kwake nyumbani, peke yake. Hata hamutalazimika kukutana tena." Alisema hilo la mwisho kwa upole, kama mtu anayewatua mzigo. "Siku ya Nne gari inaenda. Munipe jibu."

Wengine walitikisa kichwa kwa kukubali, wa pande zote mbili, nikawaona. Nilijua kwamba hapo ndipo kila kitu kimesimama. Mwili tulikuwa tumeshauzika. Kilichobaki kuzikwa ni kile chumba.

Siku ya Nne, yaani Alhamisi, nilienda. Ndugu wa marehemu alifungua depo, akasimama nje kwa sababu hakuweza kuingia. Maziwa yalikuwa yamekuja, maana ng'ombe hawajui msiba; fromaji zilikuwa juu ya meza, nyeupe, zikingoja. Majani pia yalikuwa yamekuja. Viti vilikuwa vimeondolewa kwa ajili ya matanga na kurudishwa ovyo, na wanawake walikuwa wamevichukua na kukaa kama siku ya kwanza, hawa ukuta huu, hawa ukuta ule. Mfanyabiashara aliweka katoni yake katikati. Wakaanza kuzungumza, na kila walichosema kilikuwa kweli. Sashe inaokoa makaa. Kutoka kambini mpaka hapa ni mbali, na njia si nzuri. Vifurushi vya majani vinachelewesha. Ule aliyekuwa akitupanga hayuko, nani atapanga? Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Yule mwenye mwanya alikuwa amekaa ukuta wa upande wa maziwa. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mi niko na swali. Ile sashe, nitafunga kwangu?"

"Kwako, mama," mfanyabiashara akasema.

"Peke yangu?"

"Peke yako kabisa. Hakuna muntu wa kukusumbua."

Alitazama katoni. Kisha kwa kidevu alimwonyesha yule mwembamba wa kambini, aliyekaa ukuta wa pili. "Na huyu," alisema, "nitamutukana wapi?"

Yule mwembamba aliinamisha kichwa, nikadhani analia. Alipokiinua macho yalikuwa makavu. "Weye unitukane bure?" alisema. "Leta kiti."

Akaleta. Mtu mmoja akapuliza makaa. Jani la kwanza lilipasuka, maana mikono ilikuwa imekaa siku nyingi bila kazi. La pili lilishika. Jozi nyingine zilijipanga zenyewe, moja moja, bila kuitwa na mtu, ingawa si wote: wawili walichukua sashe zao wakaenda nyumbani, na hakuna aliyewasema vibaya. Mfanyabiashara alikuna kichwa, akasema kwa safari hii atachukua nusu ya mzigo wa kawaida, waone kwanza. Nusu si kidogo kwa watu wenye watoto. Walikubali.

Bado sijalia. Labda machozi yatakuja nikiwa barabarani, au nikiwa sokoni nikichagua nyanya, nami nitajiaibisha mbele ya watu. Lakini nimeketi kuandika kwa sababu kuna kitu nimekielewa, mimi ambaye kila wiki nawaletea ndoto mpya ninayoibeba peke yangu, na wiki inayofuata naiacha. Yaya hakutuachia mtu wa kushika nafasi yake, na kazi imeendelea. Ukitaka ndoto yako ibaki siku ambayo hutakuwepo, itengeneze tangu mwanzo iwe haiwezi kufanywa na mtu mmoja.